Lori Moja Kila Dakika: Hesabu ya Tope Mabwawani

Bwawa la Masinga lilipokamilika mwaka 1981, Kenya ilipata ziwa la kutengenezwa lenye eneo la kilomita za mraba 120 na ujazo wa mita za ujazo milioni 1,560. Mitambo yake ya umeme si ya kujivunia: megawati 40 tu. Kazi yake kubwa ni nyingine. Masinga hudaka maji ya mvua za masika, huyaweka, kisha huyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi ili mabwawa yaliyo chini yake kwenye Mto Tana, yaani Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yapate cha kuzungushia mitambo. Pamoja na Masinga yenyewe, mabwawa hayo yana uwezo wa karibu megawati 600. Masinga ikipungukiwa, yote yanapungukiwa.

Mwaka 2011 kina cha bwawa hilo kilipimwa upya, na ikaonekana kwamba karibu sehemu moja ya kumi ya ujazo wake wa mwanzo imejaa udongo. Sehemu moja ya kumi husikika kama jambo dogo. Igeuze iwe maji: ni kama mita za ujazo milioni 156. Bwawa la Ndakaini, ambalo wakazi wa Nairobi hulikumbuka kila mgao wa maji unapotangazwa, linabeba milioni 70. Ina maana kwamba katika miaka 30 Masinga ilipoteza nafasi ya Ndakaini mbili na chenji. Wala taa hazikuzimika hata siku moja kwa sababu hiyo. Ukame huzima taa, na ukame ukiisha watu husahau. Tope halizimi kitu, bali hupunguza tu idadi ya wiki ambazo bwawa linaweza kuvumilia ukame ujao. Ndiyo maana halina mtetezi wala mshtaki.

Makisio ya wakati wa usanifu yalikuwa kwamba Tana ingeingiza Masinga takribani tani milioni 3 za udongo kwa mwaka. Ukigawa ujazo uliopotea kwa miaka 30, unapata zaidi ya mita za ujazo milioni 5 kila mwaka, na kwa uzito wa kawaida wa tope la bwawani hiyo ni kama mara mbili ya makisio. Kosa la aina hii si la Kenya peke yake. Duniani kote vipimo vya tope la mito huchukuliwa siku za kawaida, kwa chupa ya sampuli na mtu aliyesimama darajani, ilhali sehemu kubwa ya udongo wa mwaka hupita katika siku chache za mafuriko, tena usiku, wakati mtu mwenye akili timamu hasimami darajani.

Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, kupitia taasisi yake ya maji, kilitoa makadirio mwaka 2022 baada ya kuangalia mabwawa makubwa zaidi ya 47,000 katika nchi 150. Kufikia mwaka 2050, mabwawa hayo kwa ujumla yatakuwa yamepoteza takribani robo ya ujazo wake wa awali. Dunia haijengi tena mabwawa kwa kasi ya miaka ya 1960 na 1970, na mahali pazuri pa kujenga, penye mwamba mzuri na bonde jembamba lenye uwanda mpana nyuma yake, pamekwisha kuchukuliwa. Tunaloliona Masinga basi ni sura moja ya jambo ambalo litakuwa la kila nchi.

Kabla ya kuzungumzia dawa, ni vizuri kuelewa tope linakaa wapi, maana hapa ndipo watu wengi hupotea, wakiwemo baadhi ya wanaotoa maamuzi. Dhana iliyozoeleka ni kwamba wahandisi waliacha nafasi chini kabisa ya bwawa, chini ya mdomo wa bomba la kutolea maji, kwa ajili ya tope. Kwamba nafasi hiyo ikijaa baada ya miaka 50 au 100, ndipo shida itaanza. Mto hauna habari na mpango huo. Maji ya mto hubeba udongo kwa nguvu ya mwendo. Yakifika kwenye maji yaliyotulia, nguvu inakatika, na vile vizito huanguka papo hapo: kokoto kwanza, kisha mchanga mnene. Huko juu kabisa ya bwawa, mbali na ukuta, hujengeka ulimi wa mchanga unaosonga mbele mwaka hata mwaka. Nafasi inayoliwa hapo ni ile ya juu, inayojaa masika na kutumika kiangazi, yaani nafasi ambayo bwawa lilijengwa kwa ajili yake. Udongo laini ndio unaoendelea na safari. Wakati wa mafuriko makubwa maji ya matope, kwa kuwa ni mazito, hupiga mbizi chini ya maji masafi na kutambaa sakafuni kwa kufuata mkondo wa zamani wa mto, kilomita nyingi, hadi chini ya ukuta. Bwawa linaweza kuwa safi juu, watalii wanapiga picha, na wakati huohuo mto wa matope unapita chini yao.

Kipimo chenyewe si kigumu. Boti hupita mistari sambamba kutoka ukingo hadi ukingo ikituma mawimbi ya sauti chini na kusikiliza mwangwi. Vyombo vizuri hutuma mawimbi ya aina mbili: moja hugonga uso wa tope na kurudi, nyingine hupenya tope laini hadi kwenye ardhi ngumu iliyokuwako kabla ya bwawa. Tofauti ya mwangwi huo ni unene wa udongo mpya. Kisha matokeo hulinganishwa na ramani ya bonde iliyochorwa kabla ya kujazwa maji. Hapo ndipo tatizo lilipo kwa mabwawa yetu mengi: ramani hizo za zamani zilichorwa kwa kusudi la kujenga, mistari ya kimo imeachana mno, nyingine zina vipimo vya futi. Kosa la nusu mita kwenye ramani ya bwawa la kilomita za mraba 120 ni mita za ujazo milioni 60. Kwa hiyo kipimo kimoja hakitoshi. Kinachosema kweli ni mfululizo wa vipimo, kila miaka mitano au kumi, na kwa hakika ni mabwawa machache sana Afrika Mashariki yenye mfululizo huo.

Mabwawa madogo hufa kwanza. Mwaka 1972 watafiti Anders Rapp, Len Berry na Paul Temple walichapisha tafiti zao za mmomonyoko nchini Tanzania, zikiwemo za mabwawa ya Ikowa na Matumbulu karibu na Dodoma na la Kisongo karibu na Arusha. Walipima tope, wakapiga hesabu, wakaona kwamba maisha ya mabwawa hayo ni miongo michache tu. Hayo yalikuwa mabwawa ya kunyweshea ng'ombe na kumwagilia bustani, yaliyojengwa na serikali na kukabidhiwa watu bila neno juu ya tope. Upande wa pili wa mizani kuna bwawa la Owen Falls huko Jinja, Uganda, ambalo siku hizi linaitwa Nalubaale. Limefanya kazi tangu mwaka 1954 na tope si habari yake kabisa, kwa sababu liko pale Nile inapotoka Ziwa Viktoria. Ziwa limekwisha kunywa udongo wote. Mahali pa kujenga ni nusu ya jibu, na mara nyingi ndiyo nusu ambayo haibadiliki tena.

Kwa nini basi wanaojenga hawajali? Si kwamba hawajui. Jibu limo katika hesabu za kibenki zinazotumika kupitisha miradi. Faida ya miaka ya mbele hupunguzwa thamani ili ilinganishwe na pesa ya leo. Kwa kiwango cha asilimia 10, ambacho ni cha kawaida katika miradi ya maendeleo, shilingi 100 zitakazopotea mwaka wa 50 zinahesabiwa leo kuwa kama senti 85. Haifiki hata shilingi moja. Mchumi akiziweka namba hizo mezani, mlango wa chini wa kutolea tope, unaogharimu mamilioni ya dola sasa, unaonekana kuwa anasa, na bwawa linalokufa baada ya nusu karne linaonekana sawa na bwawa la milele. Hakuna aliyedanganya. Lakini mtoto aliyezaliwa mwaka Masinga ilipokamilika amekwisha kuvuka miaka 40, naye hawezi kulipia umeme wake kwa hizo senti 85.

Zaidi ya hapo, upotevu huo hauonekani katika vitabu vya mashirika yenyewe. Mitambo huandikiwa uchakavu kila mwaka, magari huandikiwa uchakavu, hata viti vya ofisi. Mita za ujazo zilizoliwa na tope haziandikwi popote, ingawa ndizo mali kubwa kuliko vyote hivyo.

Mtu wa kawaida akisikia habari hii, swali lake la kwanza ni hili: si mchimbe tu hilo tope? Na mwanasiasa akitembelea bwawa lililojaa, ahadi yake ya kwanza ni hiyohiyo. Tupige hesabu ya Masinga. Chukua lori linalobeba mita za ujazo 10. Mita milioni 156 ni safari milioni 15.6. Ukipakia lori moja kila dakika, usiku na mchana, bila Jumapili wala Idi wala Krismasi, unahitaji karibu miaka 30. Na katika miaka hiyo 30, mto utakuwa umeleta tope jingine kiasi kilekile. Lori moja kila dakika linatosha tu kubaki ulipo. Halafu huo udongo utaumwaga wapi? Ukiutandaza kwa kina cha mita moja utafunika kilomita za mraba 156, eneo kubwa kuliko bwawa lenyewe. Meli za kufyonza tope zipo na zinafanya kazi, ila gharama yake kwa bwawa kubwa mara nyingi hushindana na ya kujenga bwawa jipya.

Uchimbaji una mahali pake, lakini ni padogo. Kwenye lambo la kijiji, au silanga kama wanavyoliita sehemu nyingi za Kenya, trekta lenye koleo likiingia kiangazi wakati tope limekauka, linaweza kurudisha nafasi kwa siku chache, na udongo wenyewe ni mzuri kwa mashamba na kwa matofali. Kwenye bwawa kubwa, uchimbaji wa maana ni ule wa mahali maalumu: mbele ya mdomo wa mitambo, ili mchanga usiingie na kusugua mapanga ya chuma mpaka yakonde.

Njia iliyo bora zaidi, pale inapowezekana, ni kutolikaribisha tope kukaa. Wazo hili ni la zamani. Bwawa la kwanza la Aswan nchini Misri, lililokamilika mwaka 1902, lilikuwa na milango 180 ukutani. Nile ilipopanda majira ya joto ikiwa nyekundu kwa udongo wa Ethiopia, milango iliachwa wazi na mafuriko yakapita na tope lake. Maji yalipoanza kusafika kuelekea mwisho wa msimu, ndipo milango ilipofungwa na bwawa likajazwa. Wamisri walioishi kwa tope la Nile kwa maelfu ya miaka hawakuhitaji kufundishwa kwamba lisizuiwe. Bwawa Kuu la Aswan la mwaka 1970 liliacha kanuni hiyo kwa makusudi: ni kubwa kiasi cha kushika mafuriko ya zaidi ya mwaka mzima, na lilitengewa takribani mita za ujazo bilioni 31 kwa ajili ya tope pekee. Ujazo huo peke yake ni karibu mara ishirini ya Masinga nzima.

Wasudani waliendelea na kanuni ya zamani. Katika bwawa la Roseires kwenye Nile ya Buluu, lililokamilika mwaka 1966, maji huwekwa chini mnamo Julai na Agosti ili kilele cha mafuriko kipite na matope yake, na kujaza huanza mafuriko yanaposhuka. Hata hivyo Roseires ilipoteza zaidi ya theluthi moja ya ujazo wake wa kwanza, na mwaka 2013 ukuta ulikamilika kuinuliwa kwa mita 10 kufidia. Khashm el-Girba, kwenye Mto Atbara, lilipata mtihani mgumu zaidi. Lilijengwa mwaka 1964 kwa ajili ya Wanubi waliohamishwa Wadi Halfa kwa sababu ya Bwawa Kuu la Aswan, wakapewa mashamba ya umwagiliaji mahali pageni. Ujazo wake wa mita bilioni 1.3 ukaliwa upesi hata ukapungua zaidi ya nusu. Kilicholiokoa ni uamuzi mkali: kila mwaka wakati wa mafuriko bwawa hutolewa maji mpaka karibu na sakafu kwa siku chache, na mto huachiwa ujichimbie njia yake na kusomba tope. Samaki hufa kwa wingi, maji chini ya bwawa huwa uji. Ni dawa chungu, ila bila hiyo wale waliohamishwa kwa bwawa moja wangepoteza na la pili.

Kisa kinachofundisha kuliko vyote kiko China. Bwawa la Sanmenxia kwenye Mto Manjano lilisanifiwa na wahandisi wa Kisovieti, ambao mito yao haikuwa na tope la namna ile. Mwaka 1957 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Tsinghua, Huang Wanli, alisimama mbele ya wataalamu wenzake akapinga. Alipoona hasikilizwi, akaomba walau mashimo ya chini yaliyotumika kupitishia mto wakati wa ujenzi yasizibwe. Yalizibwa kwa zege, naye akapachikwa jina la mtu wa mrengo wa kulia na kupoteza nafasi yake. Maji yalianza kujazwa mwaka 1960. Ndani ya miezi 18 bwawa lilikuwa limeshika tani bilioni 1.5 za udongo, na juu yake, huko Tongguan, sakafu ya mto ilipanda zaidi ya mita 4, mafuriko yakaanza kutishia nchi tambarare inayoelekea mji wa Xi'an. Wachina walirudi, wakachimba mahandaki mapya kuzunguka ukuta na kuyazibua yaleyale mashimo ya chini. Tangu mwaka 1973 bwawa linaendeshwa kwa kanuni fupi: weka maji masafi, toa maji machafu. Linafanya kazi mpaka leo, ingawa kwa sehemu ndogo ya umeme uliokusudiwa. Ni vigumu kuondoka kwenye kisa hiki bila kufikiria kwamba shimo lililoachwa wazi kwenye ukuta huwa bei rahisi sana siku ya ujenzi, na ghali mno baadaye.

Ila hapa pana sharti ambalo mijadala yetu huliruka. Kupitisha tope kunawezekana pale ambapo bwawa ni dogo likilinganishwa na mto wake, kiasi kwamba maji hukaa siku au wiki, na likimwagwa litajaa tena msimu uleule. Bwawa la kuhifadhi kama Masinga, ambalo maji yake hukaa miezi na ambalo nchi nzima inalitazama kiangazi, haliwezi kumwagwa. Ukilitoa maji mwezi wa Aprili halafu mvua za Mei zikakataa, utajibu nini? Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu bwawa lolote si kama limejaa tope, ni maji yake hukaa muda gani. Mabwawa ya kupitisha yaoshwe. Mabwawa ya kuhifadhi lazima yalindwe huko juu, mlimani, ambako udongo unatoka, na hiyo ni kazi ya miongo. Kumwambia mwenye bwawa dogo apande miti, au mwenye bwawa kubwa afungue milango, ni kumpa mgonjwa dawa ya jirani.

Na huko mlimani historia haikuwa ya upole. Miaka ya 1950 serikali ya mkoloni Tanganyika iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ya Uluguru. Udongo wa juu wa milima ile ni mwembamba. Kuchimba ngazi kulifukua udongo wa chini usio na rutuba, na mavuno yakapungua badala ya kuongezeka. Mwaka 1955 watu waligoma, kukatokea ghasia, polisi wakafyatua risasi na mtu akafa. Chama cha TANU kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu na kilijua kuvuna hasira hiyo. Matuta yakaachwa. Leo Bwawa la Mindu, linalowapa wakazi wa mji wa Morogoro sehemu kubwa ya maji yao, linapokea maji yanayoteremka kutoka milima hiyohiyo, pamoja na udongo wake. Kila baada ya muda viongozi hufika pale kukumbusha marufuku ya kulima ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, kama inavyosema Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Mkulima wa bondeni huisikia vizuri. Lakini mita 60 hizo ndizo zenye unyevu, naye hana kingine.

Kondoa ilijaribu njia ya amri hata baada ya uhuru. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika nyanda za juu za Irangi, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Majani yalirudi, makorongo yakaanza kuvaa kijani. Hilo ni kweli na wageni wengi walikwenda kulitazama. Ni kweli pia kwamba waliofukuziwa ng'ombe walibeba gharama yote, huku faida ikiteremka na mto kwenda kwa wengine.

Linganisha na Ukambani. Pale Machakos mtaro wa fanya juu, unaochimbwa kwa kufuata kimo na udongo wake kutupwa upande wa juu mpaka shamba lenyewe lijisawazishe kuwa ngazi, ulienea kwa kasi baada ya kuondoka kwa mkoloni aliyewahi kulazimisha uchimbaji wa matuta. Utafiti wa Mary Tiffen na wenzake uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 idadi ya watu Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ukapungua. Sababu haikuwa mapenzi kwa mabwawa. Mtaro ulishika maji ya mvua kwenye shamba la mwenyewe, ukingo wake ukapandwa majani ya nepia, nepia ikamlisha ng'ombe wa zizini, maziwa yakaenda sokoni. Udongo ulibaki kwa sababu kubaki kwake kulilipa.

Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ulioanzishwa mwaka 2015, umejengwa juu ya mantiki hiyohiyo. Wanaotumia maji ya mto, kampuni ya maji ya Nairobi, KenGen ya umeme, viwanda vya bia na soda, wanachangia ili mkulima wa Murang'a au Nyeri apate nepia, msaada wa matuta na kidimbwi cha kuvunia maji ya mvua. Makadirio ya mwanzo yalisema dola milioni 10 zingeleta faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Mimi naiamini zaidi mantiki kuliko namba, kwani udongo unaotoka shambani hauendi moja kwa moja bwawani. Mwingi hulala njiani, kwenye mabonde na kingo za mito, na mafuriko huuokota baadaye kidogo kidogo. Unaweza kutuliza mlima mzima leo na bwawa likaendelea kupokea tope la babu zetu kwa miaka 20. Isitoshe mkulima si mshtakiwa pekee. Barabara ya udongo iliyokatwa kwenye mteremko bila mifereji inayoeleweka hugeuka mto kila mvua inaponyesha, na mvua ikikatika hakuna anayemwuliza mkandarasi.

Jambo moja la kuchekesha: nusu saa kutoka penye kilio cha tope, kuna watu wanaolitafuta. Katika Kitui na Machakos mabwawa ya mchanga hujengwa kwenye mito ya msimu yakiwa yamekusudiwa kujaa. Ukuta mfupi wa zege hudaka mchanga wa mafuriko, na maji hujificha katikati ya chembe zake, yakichukua kama robo ya ujazo au zaidi. Jua haliyafikii, mbu hawazai humo, na mama anachimba kisima kifupi mchangani kiangazi kizima. Siri ni kwamba mchanga mnene tu ndio unaotakiwa. Udongo laini lazima upite juu ya ukuta. Mafundi wazuri huinua ukuta kwa hatua, msimu baada ya msimu, badala ya kuumaliza mara moja, kwa sababu ukuta mrefu siku ya kwanza hudaka tope laini na kuharibu yote.

Upande wa chini wa bwawa nao una madai yake. Maji yanayotoka bila udongo huwa na njaa. Huula mkondo na kingo mpaka yapate mzigo wao wa kawaida. Kwenye Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere lenye ujazo wa zaidi ya mita bilioni 30 na mitambo ya megawati 2,115 lilianza kujazwa Desemba 2022. Kwa ukubwa wake, tope halitalisumbua kwa vizazi kadhaa. Itakayosumbuliwa ni delta ya Rufiji, yenye msitu mkubwa wa mikoko na maeneo ya uvuvi wa kamba, ambayo imejengwa na tope hilohilo. Rashid, mdomoni mwa tawi la magharibi la Nile, ufuo ulirudi nyuma sana baada ya Aswan. Ni vyema wavuvi na wakulima wa Rufiji waingizwe kwenye hesabu kabla bahari haijawaandikia ya kwake.

Kwa mabwawa yaliyokwisha kujengwa, mtu anaweza kufanya kidogo kuliko anavyopenda. Kwa yanayojengwa sasa ni tofauti. Kidunda, kwenye Ruvu mkoani Morogoro, litabeba mita za ujazo milioni 190 kwa ajili ya Dar es Salaam na Pwani, na sehemu ya maji yake inatoka Uluguru. Thwake, huko Makueni, litapokea Mto Athi pamoja na kila kinachotoka Nairobi. Ujazo wa Kidunda hauzidi sana ule ambao Masinga peke yake ilikuwa imeupoteza kufikia mwaka 2011, kwa hiyo swali la milango ya chini linapaswa kujibiwa hadharani: ipo mingapi, iko kimo gani, na nani ana amri ya kuifungua wakati wa mafuriko bila kusubiri barua kutoka wizarani. Na kabla maji hayajapanda, sakafu ya bonde ipigwe ramani ya kisasa kwa ndege yenye miale ya leza, sentimita kwa sentimita, ihifadhiwe ofisi ya bonde la mto na nakala yake iwe wazi kwa vyuo vikuu. Gharama yake ni ndogo sana mbele ya zege lote lile, na bila hiyo mtu atakayeingia na boti mwaka 2055 atakuwa anabishana na ramani, kama tunavyobishana sisi.